Mbuzi ile usiitundike ukutani

Mwanangu,

Picha uliyonitumia nimeionyesha nyumba nzima. Mbuzi ya nazi ya mvule, ya kukunjika kama marufaa, nawe umeipata sokoni Kongowea, Mombasa, kwenye lundo la sufuria zilizopinda na pasi za makaa! Kisha nikasoma uliyoandika chini: utaipaka vanishi, uitundike sebuleni. Nimeona nikujibu hadharani, maana si wewe peke yako. Mbuzi za mabibi zetu zinapamba kuta za mahoteli, na majumbani tunafungua tui la pakiti.

Usiitundike. Ile bado ina kazi.

Ikuze picha uutazame ulimi, kile chuma chenye meno ya kukunia. Meno ya kulia yamelika yakawa butu, ya kushoto bado yamesimama. Aliyekuwa nayo alikuwa akiegemeza nazi upande mmoja, miaka nenda miaka rudi. Tazama na pale pa kukalia palivyobonyea. Hapo usipaguse kwa msasa. Ukipasawazisha utakuwa umemfuta mwenyewe.

Mbao isugue kwa brashi ngumu, maji ya moto kidogo na sabuni, ukifuata nyuzi za mti. Usiiloweke. Ikinywa maji itavimba pale zinapopishana mbao mbili na haitakunjika tena. Na ukiianika jua kali itapasuka. Iache kivulini mpaka ikauke yenyewe.

Kwenye kutu ndipo wengi huharibu. Ulimi umepigiliwa kwenye mbao, kwa hiyo huwezi kuutumbukiza kwenye siki. Chovya kitambaa kwenye siki, uuzungushie ulimi peke yake, ufunge na mfuko wa plastiki juu usikauke. Chungulia kila baada ya saa moja au mbili. Siki hula kutu, lakini ukiisahau itaanza kula chuma chenyewe. Kutu ikishalainika, sugua kwa brashi ya waya, pangusa kwa maji ya magadi ili kuua ukali wa siki, kausha hapo hapo karibu na jiko la makaa, kisha paka mafuta ya nazi. Ukichelewa kukausha, kesho utaamka na kutu mpya.

Meno yanolewe kwa tupa ya pembe tatu, jino moja moja, ukisukuma upande mmoja tu na kufuata mlalo wa zamani. Usimpe fundi wa jiwe la umeme, nakuomba. Chuma kikipata moto mpaka kikageuka samawati, ugumu wake umekwenda, na meno hayatakaa na makali. Naona pia msumari mmoja wa ulimi haupo. Tafuta mfua chuma akugongee ribiti. Kuchomelea, hapana, mbao itaungua.

Vanishi yako irudishe dukani. Huambuka, na vipande vyake vitadondokea kwenye bakuli la chakula. Mbao nayo ipake mafuta ya nazi membamba, uifute vizuri.

Utaniambia una blenda. Blenda haisagi nazi bila kutiwa maji, kwa hiyo tui lako la kwanza limeshazimuliwa hata kabla ya kulichuja. Mbuzi inakupa nazi laini, kavu, unaiminya kwenye kifumbu kwa maji kiasi unachotaka wewe, na tui zito linatoka zito kweli. Ndiyo maana Kerala, kule India, wanayo chirava yao na Maldives hunigondi yao, za kukalia vile vile, na wapishi wao hawajaziacha.

Ukiwa tayari, chagua nazi iliyokomaa, ukiitikisa usikie maji. Ivunje katikati, kaa ubavu na si kuipanda, bakuli chini ya ulimi, uzungushe kifuu taratibu. Ukikaribia ngozi ile ya kahawia, acha. Ukiikuna nayo, tui litabadilika rangi.

Nazi ya kwanza itupe, maana itabeba unga wa tupa na harufu ya siki. Ya pili mpelekee mamako. Ameshaniambia samaki atanunua yeye, changu, na anataka wa kupaka.

Mamako mdogo