Barua kwa Mwanangu: Kiti cha Mpiga Udi

Mwanangu Zuhura,

Assalamu alaykum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya mwisho nikiwa peke yangu barazani, mama yako asinione. Umesema mwalimu amekutoa mbele, amekurudisha nyuma na udi wako. Wimbo ulioutia muziki mwenyewe umekataliwa, umechukuliwa wa mwenzako, na wewe ndiye unayetakiwa kuupiga. Unauliza urudi Unguja?

Kabla sijakujibu, nikupe habari ya mzee mmoja wa huko huko Cairo.

Anaitwa Mohamed El Qasabgi. Jina lake kwetu halijulikani sana, lakini nyimbo zake tumezikuta redioni tangu tukiwa wadogo. Alizaliwa 1892, baba yake naye mpiga udi. Alisomea ualimu, akafundisha, kisha akaiacha chaki. Mwaka 1928 alimtilia mwimbaji Umm Kulthum muziki wa *In Kunt Asamih*, maneno ya Ahmed Rami, na santuri ile ikatapakaa Misri nzima. Usikilize usiku mmoja ukiwa umetulia. Haurudi kwenye kiitikio kama nyimbo zetu, unakwenda mbele tu, kila maneno na njia yake. Kwa wakati ule lilikuwa jambo geni kabisa. Watu humsifu mwimbaji, na haki yake, ila aliyemfungulia mlango ule ni huyu.

Mtunzi Abdel Wahab mwenyewe, unayemwona mkubwa, udi alifundishwa na Qasabgi.

Katika miaka ya 1940 Qasabgi akamtungia Umm Kulthum *Raqq el Habib*. Mimi nasema hakuna uliouzidi, na mjomba wako tumegombana kwa hilo tangu hajaoa. Baada ya hapo mambo yakageuka. Umm Kulthum akawa anachukua nyimbo za watunzi wengine, Sunbati na Zakaria Ahmed, za Qasabgi zikawa hazipiti. Asmahan, mwimbaji mwingine ambaye Qasabgi alimtungia, alikuwa ameshafariki kwa ajali ya gari, 1944.

Unajua alifanya nini? Aliendelea kukaa kwenye kiti chake. Nyuma ya bibi yule, udi mapajani, Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi, anapiga nyimbo za wengine. Mwaka 1964 ulipotoka *Enta Omri*, muziki wa Abdel Wahab, una mpaka gitaa la umeme ndani yake, Qasabgi yumo kundini anapiga. Muziki wa mwanafunzi wake! Alifariki 1966, na inasimuliwa kwamba baada yake kiti kile kiliachwa kitupu.

Wako wanaosema alikaa kwa mapenzi, wako wanaosema alikaa kwa mshahara. Mimi nimemtazama mara nyingi katika filamu za zamani, mzee na miwani yake. Simwoni mtu aliyevunjika. Namwona mtu yuko kazini: mwimbaji akirudia kipande kwa mara ya nne, kwa namna ambayo hakuna aliyeipanga, vidole vyake vimeshafika kabla ya fidla.

Lakini nisikufiche, habari yake hainifurahishi yote. Kiti hakiniumi. Kinachoniuma ni kwamba katika miaka ile ya mwisho hatukupata tena kwake kitu kama *Raqq el Habib*.

Na mimi nina yangu, sijawahi kukusimulia. Mwaka 1987 wimbo wangu ulikataliwa. Kamati ya kikundi ilisema una mizunguko mingi, wanawake hawatainuka kutunza. Sikujibu neno. Nikaitia fidla sandukuni, nikalisukuma chini ya kitanda. Mchana nikawa bandarini nahesabu magunia ya karafuu, usiku nalala mapema kama kuku. Miezi kumi na minne. Mama yako ndiye aliyelivuta sanduku siku ya usafi wa mwezi wa Ramadhani, akaniita. Wadudu walikuwa wameutafuna upinde. Singa za farasi zimekatika zote, zimebaki kama ndevu za mbuzi, na mbao ya fidla imeachia gundi kwa unyevu wa masika. Singa nzuri Unguja hazikuwepo wakati ule, nikasubiri mpaka baharia mmoja akaniletea kutoka Mombasa. Na mikono nayo, mwanangu, ilikuwa imeshasahau. Kipande nilichokuwa nakipiga nikiwa nazungumza na mtu, kilinichukua wiki sita kukipata tena.

Kwa hiyo usirudi sasa. Kaa hapo nyuma, na huo wimbo wa mwenzako upige vizuri mpaka yeye mwenyewe ashangae. Usiku ukirudi chumbani, tunga wako. Hapo usimfuate Qasabgi.

Mama yako amekupelekea vileja na kashata kwa msafiri wa Jumanne. Nyuzi za udi usiniagizie mimi, ziko mlangoni kwako, barabara ya Mohamed Ali. Nunua seti mbili, moja uniwekee.

Na wimbo uliokataliwa unirekodie kwenye simu, hivyo hivyo ulivyo, usiurembe. Ule mzunguko wa mwisho uliouimba kwa mdomo katika ujumbe wako, pale unapoteremka kutoka ngazi ya sauti ya hijazi, umekata haraka. Nataka kusikia unakotua.

Baba yako.