Barua kwa mwanangu anayesomea unasihi

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sote wazima, na bibi yako anakusalimu sana.

Umenieleza kwamba zoezi la kuigiza linakutoa jasho: mnakaa watatu, mmoja mnasihi, mmoja mteja, mmoja mtazamaji, na kila ikifika zamu yako ya unasihi mwalimu anakukosoa kwa jambo lile lile. Mteja akinyamaza kidogo, tayari umeshampa ushauri. Nimekaa na maneno yako, na yamenirudisha kwenye barua za Elizabeth Barrett, yule mshairi wa Uingereza niliyekuwa nikikusomea ulipokuwa sekondari.

Mwaka 1845 alikuwa anakaribia miaka 40, mgonjwa wa muda mrefu, hatoki chumbani katika nyumba ya baba yake, 50 Wimpole Street, London. Januari ya mwaka huo mshairi mwenzake, Robert Browning, alimwandikia kumsifu kwa mashairi yake. Tangu hapo hadi Septemba 1846, walipooana kwa siri, waliandikiana barua zaidi ya 570. Wengi huzisoma kama barua za mapenzi, na ni kweli ndivyo zilivyo. Wewe zisome kama mtu anayejifunza kusikiliza.

Robert alitamani waonane mapema. Elizabeth akamtaka angoje baridi ipite, naye akangoja. Walionana mara ya kwanza tarehe 20 Mei. Siku chache baadaye, moyo umemfurika, Robert akaandika barua nzito ya kutangaza mapenzi. Elizabeth alishtuka, akamwonya asiyarudie maneno yale kama anataka waendelee kuonana. Robert akaomba arudishiwe barua hiyo, akaiharibu, na hadi leo ndiyo inayokosekana katika mfululizo wao. Kisha akarudi kufuata mwendo wa Elizabeth: mashairi, vitabu, hali yake ya afya, ziara za mchana.

Ikaja Agosti. Miaka mitano nyuma, Julai 1840, kaka yake Elizabeth, Edward, alizama baharini karibu na Torquay, mji wa pwani ambako Elizabeth alikuwa amepelekwa kwa ajili ya afya yake. Kaka huyo alibaki kule kwa sababu dada yake alimsihi asiondoke. Unaweza kufikiri mwenyewe alivyojihukumu. Sasa, bila kuulizwa, akamwandikia Robert habari yote, akamwambia kwamba hajawahi kumweleza kiumbe hai yeyote mambo mengi kiasi hicho. Mimi naamini barua hiyo isingeandikwa kama Robert angeendelea kumsukuma tangu Mei. Aliposimama yeye, ndipo Elizabeth alipopata nafasi ya kusogea.

Mwanangu, sisi tukienda msibani ni wepesi wa kusema “jikaze”, “ni mpango wa Mungu”. Matangani maneno hayo yana kazi yake, maana yanasemwa na watu waliokuja kuketi na mfiwa. Lakini mtu aliyekuja kwako faraghani akijilaumu kwa kifo cha ndugu yake, ukimwambia ajikaze atakuelewa hivi: nyamaza. Hatarudi tena kwenye jambo hilo. Ukimwambia tu, kwa maneno yako, kile ulichomsikia akisema, kisha ukatulia, ataendelea.

Ila usimfuate Robert kila mahali. Jibu lake kwa barua ile ya msiba lilikuwa kutangaza mapenzi upya. Yeye alikuwa mchumba, na kwake lilifaa. Wewe uchungu wa mteja usiufanye mlango wa kupitishia ya moyoni mwako, hata yakiwa mema. Carl Rogers, yule mwanasaikolojia wa Marekani ambaye bila shaka mmeshamsoma, aliandika mwaka 1957 kuhusu kumthamini mteja bila masharti na kuyaelewa mambo kwa namna mteja mwenyewe anavyoyaona. Mambo ya mteja, mwanangu, si yako.

Kuna jambo jingine ambalo kila nikilisoma linaniumiza kama mzazi. Baba yake Elizabeth hakumsamehe kwa kuolewa. Mwaka 1851 alimrudishia barua zote alizokuwa amemwandikia kwa miaka mitano, lakiri hazijavunjwa. Baadhi zilikuwa na lakiri nyeusi, alama ya msiba. Angeweza kudhani mkwewe au mjukuu amekufa, na bado hakufungua! Utakutana na wateja waliorudishiwa barua za namna hiyo, hata kama hawajawahi kushika kalamu. Watakujaribu kwanza kwa jambo dogo, waone kama unafungua.

Na kuhusu siri. Barua za Robert na Elizabeth tunazisoma kwa sababu Robert alimwachia mtoto wao azifanye atakavyo, na mtoto akazichapisha mwaka 1899. Wewe ruhusa hiyo hutakuwa nayo kamwe. Daftari lako la wateja lifungie, na mbele ya rafiki zako usisimulie hata kisa kisicho na jina. Pale maisha ya mtu yanapokuwa hatarini, fuata utaratibu mliofundishwa na umwone msimamizi wako.

Kitabu cha barua hizo nitakutumia kwa basi. Anza na zile za Mei hadi Agosti 1845. Na mkirudi kwenye zoezi, omba uanze wewe kuwa mteja. Chagua jambo dogo la kweli, lieleze, halafu uniandikie ulijisikiaje mwenzako alipokukatiza, au alipokuacha umalize.

Mama yako