Kaka, ungeniachia lile kopo

Kaka yangu,

Tangu tumzike Mzee, mwalimu wetu wa maabara, nakuandikia hii barua kichwani, naandika nafuta, simu hupokei, meseji unasoma unakaa kimya, basi acha niiweke hapa maana najua huwa unapita kusoma, watu wameshaniambia. Pale msibani ulinipa mkono kama unamsalimia mtu wa kamati. Habari za siku nyingi, ukapita. Mimi? Mimi uliyekesha naye zamu kwa zamu kulinda mtungi wa agoni, ile gesi ya kuzuia hewa, usiishe usiku ile tetrakisi, kichocheo chetu cha paladiamu, isiingie hewa ikageuka kahawia?

Sikulaumu kwa siku ile, msiba ni msiba. Nakulaumu kwa mengine.

Unakumbuka Mzee alivyokuwa anafundisha, paladiamu, ile metali ya kichocheo, ni mshenga. Inajipenyeza katikati ya kaboni na bromini, boroni inakuja inakabidhi kipande chake, kaboni mbili zinashikana, mshenga kazi yake imeisha anaaga anakwenda nyumba ya pili. Ndio maana unaweka kidogo tu, moja mpaka tano kwa kila molekuli mia, na chupa nzima inageuka. Wewe ndiye ulikuwa unamwelewa Mzee kuliko sisi wote, hilo nimelisema mbele za watu na nitalisema tena, mikono yako ilikuwa na kipaji, fuwele zako zilikuwa zinatoka safi wakati zetu sisi zinatoka gundi.

Sasa mtu aliyeelewa hivyo, mbona swali langu lilikukasirisha?

Ulisimama kwenye kikao ukasema umepata Suzuki, ileile reaksheni ya kushikanisha kaboni mbili, bila metali yoyote, maji, moto, asidi ya boroniki na sodiamu kaboneti basi. Wa kwanza kukushangilia alikuwa mimi. Halafu nikauliza, umerudia kwa chupa mpya, na kisumaku kipya cha kukorogea, na kaboneti ya kopo lingine? Hilo tu. Sikusema umedanganya. Lakini kile kisumaku chako sote tulikuwa tunakijua, plastiki yake nyeupe ilishakuwa kijivu, ule weusi wa paladiamu iliyokufa ukishang'ang'ania kwenye mikwaruzo hautoki kwa sabuni wala asetoni, na meza ile tulikuwa tumeshafanyia kazi za paladiamu mpaka basi. Mshenga mmoja kajificha kwenye kona anatosha kabisa, hayo ni maneno ya Mzee mwenyewe.

Baada ya kikao nikaja mezani kwako na kichupa kidogo, nikakwambia kaka tuchote kijiko kimoja cha kaboneti hii tuipeleke kwenye mashine ya kupima metali, ikiwa safi mimi mwenyewe nitakuandikia utangulizi wa makala. Ukaniangalia. Ukafungua kopo, ukafungua bomba, ukamwaga kopo lote kwenye sinki, taratibu, huku unaniangalia, ule unga mweupe ukasimama kidogo pale kwenye tundu kisha maji yakaupeleka. Kisumaku ukakitupa kwenye pipa la vioo vilivyovunjika. "Sasa kapime sinki." Mzee yuko mlangoni, kaona yote, hakusema neno.

Hilo ndilo nimeshindwa kulisamehe. Kusema jambo ambalo huenda si kweli ni kawaida ya kazi yetu, kila mtu linamkuta. Ila ulihakikisha hakuna atakayejua milele, si wewe, si mimi, si Mzee aliyekwenda na swali lile kaburini.

Na uchungu wangu umezidi kwa yaliyofuata. Mwaka 2003 Nicholas Leadbeater na mwenzake wakatoa kitu kilekile, Suzuki bila metali, kwenye maji, na sodiamu kaboneti. Mwaka 2005 kundi lake lenyewe likarudi likaandika kwamba limechunguza upya na ndani ya kaboneti ya kununua mlikuwa na paladiamu, sehemu 50 kwa bilioni, yaani mikrogramu 50 kwenye kilo nzima, na kwa hali zile ilitosha kuendesha kazi. Hakuna aliyewafukuza kwenye fani, mimi ile makala ya pili nawapa wanafunzi wangu waisome kabla hata hawajashika chupa. Nilipoisoma mara ya kwanza nilisema hii ilikuwa ya kaka yangu. Ilikuwa mezani kwake, kwenye kopo. Halafu 2019 kundi la Valentine Ananikov kule Urusi likaonyesha hata visumaku vya kukorogea vinabeba metali kwenye mikwaruzo yake na vinaweza kuendesha reaksheni peke yake. Yote mawili, kaka! Yote mawili tulikuwa nayo.

Binti yako alinifuata pale msibani, sijui kama amekwambia. Anaanza utafiti, anataka kufanya kazi na nikeli badala ya paladiamu, macho yanamwaka kama yako ya zamani. Akasema baba anamwambia achague kingine, sayansi haina shukrani na ina fitina. Tafadhali usimwambie hivyo. Mwambie Richard Heck, mmoja wa waanzilishi wa kazi hizi za paladiamu, alistaafu 1989 pesa za utafiti zilipokauka, na Nobel ikamkuta 2010 ana miaka 79 anaishi Ufilipino, kwa kazi aliyoifanya mwanzoni mwa miaka ya 70. Shukrani inachelewa, ndio. Lakini mwambie pia kila reaksheni aifanye bila kichocheo vilevile, kwa vyombo vipya, na akiulizwa kwenye kikao ajue anayemuuliza anamlinda. Mimi nilikuwa nakulinda. Ungetaka nikufuate pembeni nikunong'oneze? Kikao kilikuwa ndio mahali pake, makala ilikuwa inatumwa wiki ileile, jina la Mzee liko juu yake na langu pia lingekuwepo, nisingeuliza mimi angeuliza mgeni na angeuliza kwa ukali zaidi. Ungekuwa wewe ungeniuliza, na ulishaniuliza mara ngapi, nikarudia kazi bila kununa.

Na tazama kazi unayofanya sasa hivi kiwandani. Unapima paladiamu iliyobaki kwenye dawa, isizidi mikrogramu 100 kwa siku kwa mtu anayemeza. Unawarudishia watu shehena yao kwa swali lilelile nililokuuliza mimi, na naambiwa hupitishi kitu bila sampuli. Nilifurahi sana kusikia, kwa dhati, nikasema mikono ya kaka haikupotea.

Sasa la mwisho ndilo limenifanya niandike. Daftari lako la maabara ninalo mimi, Mzee alilitunza miaka yote na aliniachia kabla hajazidiwa. Namba ya toleo la kiwandani la lile kopo uliiandika, kwa wino, ukurasa wa kazi ya kwanza kabisa. Binti yako ameniomba alisome. Nimemwambia nasubiri ruhusa ya baba yake, kwa hiyo nijibu, hata kwa neno moja.