Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Nyama ya Kulungu Haiingii Jikoni Bila Majibu

Ndugu wanachama,

Salaam. Hesabu atazisoma mweka hazina mwenyewe. Mfuko wa misiba umehimili, na nawashukuru wanaolipa ada bila kukumbushwa (wengine mnajijua). Muda wangu uliobaki nautoa kwa jambo lililoisumbua kamati kuliko yote mwaka huu: nyama ya kulungu.

Tangu vijana wetu waanze kukata leseni za uwindaji, sherehe ya Novemba bila sufuria ya kulungu haijakamilika hapa Dane County. Nyama ni tamu, na ni ya bure kama huhesabu petroli. Lakini tunaishi palepale ugonjwa wa kukondesha kulungu ulipoonekana kwanza katika jimbo la Wisconsin. Kulungu watatu waliowindwa karibu na Mount Horeb Novemba 2001 walipimwa, na Februari 2002 ikathibitika kuwa wanao. Ulikuwa umeshajulikana Colorado tangu 1967, kwa kulungu waliofugwa kwenye kituo cha utafiti, na mwaka 1981 ukapatikana kwa elki (jamaa mkubwa wa kulungu) wa porini. Leo, katika sehemu za Iowa County, jirani zetu, umempata zaidi ya dume mmoja katika kila watatu waliokomaa.

Kikaoni mzee wetu mmoja aliuliza: nyama ikiiva sawasawa, ugonjwa gani utabaki? Ndivyo tulivyolelewa sote, na kwa minyoo ni kweli. Hapa haisaidii. Ugonjwa huu hauletwi na kijidudu bali na prioni, yaani protini iliyojikunja vibaya ambayo huziharibu nyingine kwenye ubongo. Haina uhai, kwa hiyo moto wa jikoni hauiui. Hutoka kwa mate, mkojo na kinyesi, ikakaa udongoni miaka. Wala macho hayatoshi. Mnyama aliyekonda, masikio yameshuka, udenda unamtoka, kila mtu atampisha. Lakini ugonjwa hukaa mwilini mwaka na zaidi kabla ya dalili, na wengi wanaokutwa nao walikuwa wamenona.

Ni kweli hajajulikana binadamu aliyeupata. Hata hivyo CDC, taasisi ya serikali ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, inashauri nyama ya mnyama aliyekutwa nao isiliwe. Waliokuwa Uingereza wakati wa kichaa cha ng'ombe, ambacho nacho huletwa na prioni, wanakumbuka serikali ikiwatuliza watu miaka nenda rudi, hadi Machi 1996 ilipotangaza kwamba huenda kinawapata walaji. Mimi sisubiri hapo.

Kilichozua ubishi zaidi ni kichwa. Supu ya kichwa tunaipenda, lakini ubongo, macho, uti wa mgongo, bandama na tezi ndimo prioni zinamojazana. Isitoshe, kichwa ndicho kinachotakiwa kwenye kipimo. Kikate na shingo ya inchi tano hivi, pembe baki nazo, kifunge kwenye mfuko, jaza fomu mahali mnyama alipouawa, kisha kitumbukize kwenye kasha la Idara ya Maliasili. Kipande cha fomu chenye namba usikipoteze. Kipimo ni bure, majibu huchukua wiki mbili hivi. Fomu ni ya Kiingereza. Asiyeiweza amwone katibu.

Kwa hiyo, kuanzia msimu huu, kulungu asiye na majibu hapikwi kwenye shughuli ya chama. Unayepeleka buchani, omba nyama yako isagwe peke yake, maana soseji huchanganya kulungu wa watu wengi. Mifupa isitupwe msituni. Ipelekwe kwenye makontena ya taka yaliyotengwa. Na kamati ya chakula ina ruhusa ya kukataa sufuria ya yeyote, hata ya mwenyekiti.

Wawindaji wamelalamika kwamba hawana pa kuhifadhi nyama wiki zote hizo. Malalamiko yao ni ya haki. Kamati inapendekeza chama kinunue friza kubwa. Bei ziko kwa mweka hazina, na kura itapigwa leo kwa kunyoosha mikono.

Mwenyekiti