Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Makumbusho ya Taifa: tuleteeni Mwanza mashimo ya kamba wa kale

Ndugu Mkurugenzi,

Mimi ni mwalimu wa Jiografia jijini Mwanza. Ninakuandikia kuhusu visukuku ambavyo wanafunzi wangu huvisikia kwa maneno tu, yaani mashimo yaliyochimbwa na kamba na kaa wa kale kwenye mchanga wa bahari, ambayo baadaye yaligeuka mawe.

Nyayo za binadamu wa kale za Laetoli, huko Ngorongoro, zilizofukuliwa mwaka 1978 na zenye umri wa zaidi ya miaka milioni 3.6, tunazienzi ingawa si mifupa, kwa kuwa zinaonyesha jinsi waliopita pale walivyotembea. Mashimo ya kamba ni ushahidi wa jamii hiyohiyo.

Aina moja mashuhuri ya mashimo hayo ilipewa jina la Ophiomorpha mwaka 1891. Kamba achimbaye kwenye mchanga tepetepe hupata shida anayoijua kila mchimba kisima, kuta kuporomoka. Kwa hiyo hufinyanga vidonge vya matope na mchanga na kuvibandika ukutani kimoja kimoja, hata njia ikawa laini kwa ndani na yenye vinundu kwa nje, mfano wa gunzi la hindi. Madini yakishaugandisha ukuta huo na mmomonyoko ukauondoa mchanga wa pembeni, shimo hubaki limejitokeza kama bomba la jiwe. Kamba mwenyewe, kwa wembamba wa gamba lake, mara nyingi hakuacha kingine. Tena mfupa huweza kusombwa na mto ukazikwa mbali, ila shimo halihami: lilipo ndipo mchimbaji alipoishi.

Miamba ya Mwanza ni graniti yenye zaidi ya miaka bilioni 2.5, iliyotokana na uji wa moto wa mawe yaliyoyeyuka, nayo haina mashimo hayo. Hata hivyo watoto wa hapa huwaona kaa wa ziwani wakijificha matunduni, na naamini wangelielewa somo hili upesi sana.

Ninaomba basi Makumbusho itutengenezee nakala za plasta za mashimo hayo, zizungushwe katika shule za mwambao wa ziwa. Ninaomba nakala wala si mawe yenyewe, kwa sababu shimo liking'olewa kabla ya kuandikwa lilikoelekea na tabaka lililokuwamo, hupoteza sehemu kubwa ya habari yake. Zikitumwa kwa basi, nitazipokea mwenyewe stendi ya Nyegezi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa Jiografia, Mwanza