Ramli chonganishi bado ipo mialoni

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili kuhusu Waburma, watu wa Myanmar, na kafara zao za kuondoa nuksi ilisomwa kwa sauti kwenye banda la chai hapa mwaloni Igombe, wavuvi wanakoshushia samaki, na watu walicheka mpaka wakapaliwa. Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia. Siku hizi vijana wananiita tajiri kwa kuwa nina mitumbwi ya dagaa, na kicheko kile kiliniudhi. Naomba nafasi niseme juu ya ramli zetu wenyewe, zile zinazowachonganisha watu.

Kilichowavunja mbavu ni habari ya samaki: kwamba Mburma akiambiwa na mnajimu kuwa nyota yake imeharibika, huenda sokoni akanunua samaki wazima, akawabeba ndani ya maji na kuwaachia waende zao. "Anunue halafu amwage!" alisema nahodha wangu, amekalia gunia la dagaa. Nahodha huyohuyo ana kamba nyeusi kiunoni, na chini ya ubao wa mbele wa mtumbwi anaouendesha kumeshindiliwa kitu kilichoviringishwa kwa kitambaa chekundu. Mimi mwenye mtumbwi nimekatazwa kukigusa.

Kafara hizo Waburma huziita yadaya. Mnajimu anaanzia siku uliyozaliwa, na katika hesabu yake juma lina siku nane, kwa sababu Jumatano imekatwa mara mbili: asubuhi ni ya tembo mwenye pembe, mchana ni ya tembo asiye na pembe. Kwenye pagoda kuu ya Shwedagon, hekalu la Kibuddha mjini Yangon, kila siku ina kituo chake na mnyama wake. Jumatatu ni simbamarara, Jumanne simba, Alhamisi panya. Mtu huenda kituo chake akaimwagia maji sanamu ya Buddha iliyopo pale, kikombe baada ya kikombe, kwa hesabu ya umri wake. Kwa umri wangu ningetoka pale na maumivu ya bega. Wengine huambiwa wawashe mishumaa, watoe maua au wafungue ndege kizimbani.

Sina haja ya kubishana kama inafanya kazi. Ninachotaka wenzangu wakione ni kwamba gharama yote ya yadaya ya namna hiyo anaibeba mwenye nuksi mwenyewe. Anarudi nyumbani mfuko ukiwa mwepesi kidogo, na jirani yake amelala salama.

Wala sisemi Waburma hawajaumizwa na mambo haya. Septemba 1987 Jenerali Ne Win, mtawala wao wa wakati huo, alifuta noti za kyat 25, 35 na 75 bila kuwafidia wananchi, na noti mpya zilizotolewa zilikuwa za 45 na 90, namba zinazogawanyika kwa tisa, tisa ikiwa namba yake ya bahati. Watu walilala na akiba wakaamka na makaratasi. Hasira ile ilikuwa sehemu ya moto uliowaka Agosti 1988, wanajeshi walipowafyatulia risasi waandamanaji. Kabla ya hapo, mwaka 1970, aliamuru magari yahamie upande wa kulia wa barabara, na wengi huko wanaamini ni neno la mnajimu. Milango ya mabasi ilikuwa kushoto, basi abiria wakawa wanashukia katikati ya barabara! Nuksi ya mtu mmoja ikalipiwa na nchi nzima.

Sasa turudi kwetu. Masika iliyopita giza zima, yaani zile siku zisizo na mwezi tunapovua dagaa, mitumbwi ilirudi na ndoo za kuhesabu. Sababu zilikuwepo: upepo, betri za taa zilizochoka, na makokoro yanayokomba hata samaki wachanga kandokando ya ziwa. Lakini mabaharia wa tajiri mwenzangu walichangishana wakaenda kwa mganga. Kuku akapasuliwa, akasomwa. Mganga akasema anamwona mwanamke mzee, mlango wake unatazama maji, macho mekundu. Jina hakulitaja, na hakuwa na haja ya kulitaja. Mwaloni kwetu yupo mama anayekausha sangara kwa moshi tangu mimi ni kijana. Macho yake yangekuwa na rangi gani? Usiku uleule tanuru lake lilivunjwa na nyavu za chuma anazopangia samaki zikatupwa ziwani. Yeye amehamia kwa mwanawe, Buswelu. Giza lililofuata dagaa walipatikana kama kawaida, na mganga akapelekewa shukrani.

Kumwita mtu mchawi ni kosa chini ya Sheria ya Uchawi, iliyopo tangu 1928. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli, baada ya Kanda hii ya Ziwa kuwazika ndugu zetu wenye ualbino na vikongwe ambao kosa lao lilikuwa moshi wa jikoni. Mganga wa tiba asili aliyesajiliwa simgusi; mizizi yake naitumia mwenyewe magoti yanapouma.

Ombi langu ni kwa BMU, vikundi vya kusimamia mialo, za mialo yote, kuanzia hapa Igombe. Wekeni sheria ndogo: mabaharia wakimwandama mtu kwa sababu ya ramli, mtumbwi wao upandishwe mchangani giza zima. Tajiri akikosa mapato ya giza moja, atakuwa wa kwanza kumbana nahodha wake. Kitambaa chekundu kibaki kilipo, hakimdhuru mtu. Na tanuru la yule mama lijengwe kwa fedha za waliolivunja. Matofali yapo hapahapa na bei yake kila mtu anaijua.

Mwalimu mstaafu,
Igombe, Mwanza