Milango yangu ya vinia imekatwa, kingo zimebaki wazi: nizifunge vipi?

Ndugu mshauri, pamoja na mafundi seremala mnaosoma safu hii,

Shikamooni wakubwa zangu, na wengine habari za kazi. Naandika kutoka Kigamboni, Dar es Salaam. Nina milango sita ya ndani, ile ya flashi, yaani bapa na yenye uwazi ndani, iliyobandikwa vinia (ganda jembamba la mbao halisi) ya sapele, mbao yenye wekundu. Ilikuja ikiwa imeshapigwa vanishi kiwandani, na kwa kweli ilipendeza. Sasa imekatwa ili iingie kwenye fremu, na kila msumeno na randa vilipopita pamebaki kidonda. Fundi anataka kurudi kuimalizia. Njia anayotaka kutumia siiamini, ndiyo maana nawaandikia kabla hajaanza.

Chanzo ni sakafu. Fremu zilisimikwa mapema, vigae vikaja baadaye, na sakafu ilipanda kuliko ilivyopimwa. Milango ikawa mirefu. Fremu tatu nazo zimebana upande wa chini, kwa hiyo milango yake ilibidi ipigwe randa upande wa kitasa pia. Kukata kwenyewe sikulalamikii. Mlango wa ndani unahitaji nafasi ya milimita 2 au 3 juu na pembeni, na chini milimita 8 hadi 10 ili upite juu ya kigae bila kukwaruza. Lakini mlango wa vinia hauwi sawa na wa mninga mtupu, ambao hata ukiukata wapi unakuta mninga.

Nilipiga magoti na tochi nikauangalia ukingo wa chini wa mlango wa chumba cha watoto. Nje kabisa kuna vinia, nyembamba kama ganda la kitunguu, haifiki hata milimita moja. Nyuma yake kuna MDF, ule ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi, ya kama milimita 3. Kisha kuna ubao wa paini ambao ndio ulikuwa umeushikilia mlango kwa chini. Umekatwa hadi umebaki kipande chembamba, ukikibonyeza kwa kidole gumba kinacheza. Juu ya hapo ni uwazi tu, umejazwa karatasi ngumu ya boksi. Upande mmoja wa mlango vinia imekatika vizuri, mstari umenyooka. Upande wa pili, meno ya msumeno yalipokuwa yakitokea, imemeguka vipande vipande, na mahali pengine imenyanyuka karibu sentimita nzima kuingia kwenye uso wa mlango. Mstari haukuchanwa kwa wembe kwanza, wala haukubandikwa tepu ya karatasi, mambo mawili ambayo yangeizuia vinia isimeguke.

Upande wa kitasa ni huzuni nyingine. Kiwandani waligundisha pale ukanda wa sapele halisi ili kuficha tabaka za ndani. Randa imeula ukanda huo kwa mshazari: juu upo, katikati unazidi kuwa mwembamba, chini umekwisha. Mlango ukiwa wazi unaona wekundu wa sapele ukichongoka na kupotea, halafu paini nyeupe katikati ya mistari miwili ya MDF. Mgeni akiingia sebuleni ndicho anachokutana nacho.

Mlango wa bafuni ndio unaoninyima usingizi. Ukingo wake wa chini haukupakwa chochote baada ya kukatwa, na MDF inakunywa maji vibaya sana. Mlango una unene wa milimita 40; pale chini sasa napima 43, na vinia imeanza kuachia kwenye kona. Mnajua wenyewe MDF ikishafura hairudi, hata uianike juani wiki nzima. Na hapa kwetu, ukiacha maji ya kuoga, hewa ya bahari peke yake ina unyevu wa kutosha. Masika ikifika, hata mbao nzima hujaa zikabana kwenye fremu.

Fundi wangu anataka achanganye unga wa mbao na gundi nyeupe, azibe, apige msasa, kisha apake rangi ya kahawia. Kwa tundu dogo la msumari ningekubali. Lakini gundi ikikauka hainywi rangi ya mbao kama mbao yenyewe inavyokunywa, kwa hiyo litabaki doa refu ukingo mzima. Na kule chini kwenye uwazi, mchanganyiko huo utashika nini? Karatasi ya boksi?

Shemeji yangu, ambaye anatengeneza makabati ya jikoni, ananishauri nibandike utepe wa vinia wenye gundi inayoyeyuka kwa pasi. Unapitisha pasi, unakandamiza kwa kipande cha mbao, unakata ziada kwa wembe. Ni kazi safi na ya haraka, na kwa upande wa bawaba huenda ikatosha. Wasiwasi wangu ni upande wa kitasa, unaoshikwa na kugongwa kila siku, na bafuni, ambako sidhani gundi hiyo itavumilia maji. Tena utepe unataka sehemu iliyonyooka na ngumu, nami sehemu yenyewe sina.

Aliyenigusa zaidi ni mzee mmoja seremala wa Keko. Anasema ukingo ulioharibika usiguswe kwa viraka. Ukatwe tena unyooke, kisha ugundishwe ukanda wa mbao nzima wa milimita 8. Uachwe umezidi kidogo pande zote mbili, halafu ushushwe kwa randa kali hadi ulingane na uso wa mlango. Kwa chini, karatasi isukumwe ndani, kipande cha paini kilichorandwa unene sawasawa na ule uwazi kipakwe gundi, kiingizwe katikati ya ngozi mbili za mlango, kibanwe kwa klampu hadi kesho yake. Kuhusu aina ya mbao, aliniambia nisikimbilie mninga kwa sababu ni maarufu. Mkangazi ni wa jamii moja na sapele na rangi zao zinakaribiana. Ila uwe mkavu kabisa, maana mbao mbichi ukiigundisha itasinyaa na kuacha ufa.

Moyo wangu uko kwa mzee huyu. Hii ni nyumba ninayotaka kuishi hadi uzee wangu, na sitaki milango iliyofichwa kwa rangi. Lakini kuna mambo yanayonitatiza, na hapo ndipo naomba mnisaidie.

La kwanza ni kitasa. Nikikata milimita 8 ili kutoa nafasi ya ukanda, ubao wa paini wa pembeni unaoshika kitasa utapungua, na tayari umepungua. Je, ni salama? Au nikate milimita 4 tu na kuweka ukanda mwembamba zaidi? Nadhani kitasa kitolewe kwanza, ukanda upite moja kwa moja, kisha tundu litobolewe upya juu yake. Kama kuna utaratibu bora, naomba mniambie.

Ukanda ukishushwa kwa randa, vinia itaokokaje? Kwa wembamba ule, msasa ukipita mara chache tu MDF inachungulia, na vanishi ya kiwandani sitaweza kuirudishia kipande kimoja ifanane na kingine. Na ile iliyonyanyuka, naweza kuingiza gundi chini yake kwa bomba la sindano na kuikandamiza, au vanishi itaharibika?

Kuhusu bafuni, nimefikiria kukata sehemu yote iliyofura, kama sentimita 2, na kuweka mtiki badala ya mkangazi kwa sababu unavumilia maji. Lakini nasikia mtiki una mafuta na gundi haishiki mpaka ufutwe kwa tina kwanza. Ni kweli inatosha, au nitumie gundi ya epoksi? Na baada ya hapo, ukingo wa chini nipake sanding sila (ile ya kuziba vinyweleo vya mbao kabla ya vanishi) kisha vanishi mara ngapi? Nataka na ukingo wa juu upakwe, kwa sababu nao niliukuta mkavu, na mvuke wa maji ya moto unapanda juu.

Mlango wa bafuni nimeshaung'oa, umeegeshwa ukumbini unakauka. Fundi nimemwambia asubiri. Yeyote kati yenu aliyewahi kuweka ukanda wa mbao kwenye mlango wenye uwazi ndani, na ukapita masika bila kuachia, naomba aniambie alitumia gundi gani.

Msomaji wenu,
Mama wa Kigamboni